Fomu Isiyo na Mahali pa Mahindi

Ukurasa wa saba wa fomu uliuliza mchango wa wenyeji kwa fedha taslimu, na mkuu wa chuo alikuwa amejaza sifuri. Nilikuwa na miezi minne tu kazini. Shirika letu lilisaidia vyuo vya theolojia, nami nilikuwa nimepanda basi kutoka Arusha, nikamalizia safari kwa bodaboda, kwenda kukagua kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Mkuu wa chuo alikuwa mchungaji wa umri wa baba yangu. Nilimwamkia, tukasali, tukanywa chai, kisha nikamweleza kwa ule upole tunaofundishwa semina kwamba sifuri ile ingemletea matatizo, kwa kuwa kamati haipendi kutoa fedha mahali ambapo wenyewe hawatoi kitu.

Hakubisha. Alichukua funguo, akanipeleka nyuma ya jiko, akafungua stoo. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na kenchi, maharage upande wa kushoto, madumu ya mafuta ya alizeti mlangoni. Kila gunia lilikuwa limeandikwa jina la usharika uliolileta.

"Hii ndiyo sifuri yangu, mwanangu," akasema. "Fomu yenu haina mahali pa kuandika mahindi."

Niliporudi ofisini niliandika pendekezo kwamba fomu ibadilishwe. Ilibadilishwa baada ya miaka miwili na vikao visivyohesabika, na kisanduku kipya kikaitwa "Michango mingineyo".

Jirani zangu hawakuwahi kuelewa nafanya kazi gani. Walijua inahusu kanisa, kwa hiyo wengine waliniita Mchungaji ingawa sijavaa kola hata siku moja. Ndugu zangu waliliona gari la ofisi lenye nembo mlangoni, wakaamini nina hela. Mama yangu aliwaambia watu kwamba nasomesha wachungaji, na nadhani yeye ndiye aliyekaribia zaidi. Mshahara ulikuwa chini ya ule wa rafiki zangu walioajiriwa benki, na ukiomba nyongeza unakumbushwa wito. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma maombi, kutembelea vyuo, kuandika ripoti na kudai risiti. Zaidi ilikuwa kudai risiti. Nimekutana na walimu wanaoweza kuieleza Utatu Mtakatifu kwa dakika arobaini bila karatasi, lakini risiti ya dizeli ya mwezi Machi ikawashinda kabisa.

Na kuna neno mfadhili. Tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Ndani yake imo fadhila, na fadhila kwetu haipokelewi bila kuinama kidogo. Mtu anayeitwa mfadhili akiuliza swali, hata la kijinga, hujibiwa kwa heshima. Nilipoingia chuoni na mkoba wangu, wanafunzi walisimama. Mkuu wa chuo mwenye nywele nyeupe alinivutia kiti. Sikuwa nimefanya lolote la kustahili kiti kile. Nilikuwa nimebeba fomu tu. Sura hii inahusu watu waliobeba fomu za namna hiyo kabla yangu, na hasa ofisi moja ndogo ya Uingereza ambayo watu wake walichukua zaidi ya miaka kumi kujifunza kuuliza swali lililokosekana kwenye ukurasa ule wa saba.

Mwezi Machi 1972, kasisi wa Kianglikana kutoka Afrika Kusini alihamia kusini-mashariki mwa London na familia yake kuanza kazi kama yangu. Aliitwa Desmond Tutu. Wengi wetu tunamjua kuanzia tuzo ya Nobel ya mwaka 1984 na kuendelea, kofia ya zambarau, kicheko, Tume ya Ukweli na Maridhiano. Wachache wanajua kwamba kwa miaka mitatu alikuwa mwajiriwa wa ofisi, mkurugenzi msaidizi wa masuala ya Afrika katika Mfuko wa Elimu ya Theolojia. Makao ya Mfuko yalikuwa Bromley. Familia ilikaa Grove Park, naye Jumapili alisaidia katika kanisa la Mtakatifu Augustino la hapo mtaani. Siku za kazi alisoma maombi ya vyuo na ya wanafunzi, na mara kwa mara alifunga sanduku akaenda kuona mwenyewe.

Nusura asiende kabisa kwenye kazi hiyo. Serikali ya makaburu ilikataa kwanza kumruhusu kuondoka. Ilimshuku tangu maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Fort Hare. Alipata ruhusa baada ya kuijengea hoja kwamba Mwafrika Kusini mweusi kushika wadhifa wa namna hiyo nje kungeipa nchi sifa nzuri. Naicheka hoja hiyo kila ninapoikumbuka. Sisi tunaoandika maombi ya fedha tunaujua ufundi huo: kumwonesha mwenye muhuri faida yake katika jambo ambalo wewe unalitaka kwa sababu zako.

Mfuko huo ulikuwa umezaliwa Afrika, ingawa fedha zake hazikutoka Afrika. Mwaka 1938 wajumbe wa Baraza la Kimataifa la Misioni walikutana Tambaram, karibu na Madras, na mojawapo ya mambo waliyokiri ni kwamba mafunzo ya wachungaji katika makanisa machanga yalikuwa dhaifu mno. Vita vikaja, jambo likalala. Mwaka 1950 baraza likamtuma Stephen Neill, aliyewahi kuwa askofu huko India ya kusini, azunguke Afrika Mashariki na Magharibi kuangalia vyuo vilivyokuwepo. Tafiti nyingine zikafuata kwa sehemu nyingine za bara, na mmoja wa walioshiriki, Msweden Bengt Sundkler, alikuja kuwa askofu wa Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndipo baraza lilipokutana karibu na Accra, mwishoni mwa 1957 na siku za mwanzo za 1958, Ghana ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, na kuuanzisha Mfuko. Mtaji ulikuwa dola milioni 4. Nusu yake ilitoka kwa tajiri John D. Rockefeller Jr. kupitia mfuko wake wa Sealantic, kwa sharti kwamba bodi za misioni za Marekani zitoe nusu ya pili.

Sharti la namna hiyo lina nguvu ya ajabu. Mtu mmoja anaweka fedha mezani na kusema, wekeni na ninyi. Nimewahi kuona shirika lililodai kwa miaka kumi kwamba halina akiba likizipata ndani ya wiki sita, kwa sababu tu fedha za mwenzao zingepotea.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Charles Ranson, Mmethodisti kutoka Ireland aliyefanya kazi India. Agizo la kwanza la Mfuko lilikuwa kuinua viwango. Lilionekana jambo lisilo na ubishi. Vyuo vingi vilikuwa na walimu wawili au watatu, maktaba za kabati moja, na wanafunzi waliokuja na mke na watoto wakilima shamba la chuo ili wale. Kwa hiyo Mfuko ulichagua vyuo vichache vilivyoonekana vinaweza kusimama na kuvipa fedha za kutosha za majengo, walimu na masomo ya juu ya walimu hao. Kwa upande wa maktaba, Raymond Morris, mkutubi wa shule ya theolojia ya Yale, alitayarisha orodha ndefu ya vitabu iliyochapishwa mwaka 1960, na vyuo vilivyopewa ruzuku vikachagua humo. Baadaye Mfuko ukagharimia pia vitabu vya kiada vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne. Hivyo vya mwisho ndivyo ninavyovipenda. Mtu aliyekaa chini kuandika historia ya kanisa kwa sentensi fupi bila kumdharau msomaji amefanya kazi ngumu kuliko profesa anayeandikia maprofesa wenzake.

Lakini orodha ya vitabu ni jibu, na kila jibu lina swali lililotangulia. Swali la miaka ile lilikuwa: chuo hiki kiko mbali kiasi gani na Yale, na Cambridge, na Tübingen? Ukiwa na rula ya namna hiyo mkononi, chuo cha Mukono kilichoanza 1913, au cha Limuru kilichoanzia kule Freretown, Mombasa, mwaka 1903 kabla ya kupandishwa bara mwaka 1930, kitaonekana siku zote kuwa njiani, hakijafika. Makumira, chini ya Mlima Meru, palipohamishiwa chuo cha Kilutheri mwaka 1954, pangeonekana hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Rula ilitengenezwa mahali fulani na watu fulani, basi.

Aliyeibadilisha rula ni Shoki Coe. Mzee huyu hafahamiki kwetu, na inanisikitisha. Alizaliwa Taiwan mwaka 1914, kisiwa kikiwa chini ya Wajapani. Alisoma falsafa Tokyo, akasoma theolojia Cambridge, vita vikamkuta Uingereza, akafundisha Kijapani London. Alirudi kwao, akawa mkuu wa chuo cha theolojia cha Tainan kuanzia 1949 hadi 1965. Yaani aliwahi kukaa upande ule mwingine wa meza, upande wa anayejaza fomu, kwa miaka kumi na sita. Alipojiunga na Mfuko alikuwa anajua kisanduku gani kimekosekana. Mwaka 1970 akawa mkurugenzi, na mwaka 1972, mwaka ule ule aliofika Tutu, Mfuko ukatoa maelezo ya agizo lake la tatu, ambamo neno la Kiingereza ambalo sisi leo tunalisema kwa kuzunguka, kuiweka theolojia katika muktadha, lilipewa uzito ambao haujapungua tangu hapo.

Wakati huo watu walikuwa wameshazoea kusema juu ya kuifanya injili iwe ya kienyeji: ngoma kanisani, kitenge badala ya kanzu nyeupe, nyimbo za mapigo yetu. Coe hakuzikataa ngoma. Alichoona ni kwamba mazungumzo hayo yalitazama nyuma, kana kwamba utamaduni wa mtu ni kitu kilichomalizika kutengenezwa zamani. Alitaka theolojia itazame pia kiwanda, jiji, serikali ya kijeshi, umaskini, vijana wasioamini tena kitu. Yeye mwenyewe hakuweza kurudi Taiwan kwa miaka mingi kwa sababu ya utawala uliokuwepo, na mwaka huo huo wa 1972 alikuwa miongoni mwa Wakristo wa kisiwa hicho waliodai wananchi wajiamulie mambo yao. Muktadha kwake haukuwa msamiati wa warsha.

Pale ofisini alikuwa na Aharon Sapsezian wa Brazili, Ivy Chou wa Sarawak, James Bergquist wa Marekani, na Tutu. Ninapowawazia mezani, kila mmoja na faili zake, naona kitu ambacho mashirika mengi ya sasa yenye sera ndefu za ujumuishi hayajakifikia. Mkurugenzi ni mtu wa Asia asiyeweza kurudi kwao, na msaidizi wake wa Afrika ni mtu ambaye kwao hawezi kupiga kura.

Safari za Tutu ndizo zilizomkomaza, na waandishi wa maisha yake wanakubaliana katika hilo. Alizunguka Zaire ya Mobutu, akaona ufisadi na umaskini, na ikamuuma kwa namna ya pekee kuona watawala weusi wakiwatenda weusi wenzao hivyo. Alifika Nigeria, jeraha la vita vya Biafra likiwa bado bichi na Waigbo wakiwa na kinyongo. Afrika Mashariki alikuja 1972. Kenya ilimpendeza, na Uganda akashuhudia Idi Amin akiwafukuza Waasia. Hebu fikiria ofisa aliyetumwa kukagua mtaala na maktaba, nje ya dirisha la chuo familia zinafunga mizigo kwa sababu zimepewa siku tisini. Anaandika nini kwenye ripoti? Fomu inauliza idadi ya vitabu.

Tutu aliandika yote mawili, ya chuo na ya nje ya chuo. Mimi katika miaka yangu sikuwa na ujasiri huo. Niliwahi kukagua chuo kimoja wiki ambayo wanafunzi wawili walikuwa wamerudi kutoka mazikoni, ndugu zao wameuawa katika ugomvi wa mashamba na malisho. Darasani mwalimu alikuwa akifundisha mabishano ya karne ya nne juu ya nafsi ya Kristo, na alifundisha vizuri. Niliandika kwamba ufundishaji ni wa kuridhisha. Juu ya mashamba sikuandika kitu, maana haikuwa sehemu ya hadidu za rejea.

John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere kwa miaka kumi kabla ya kwenda Bossey, Uswisi, alikwishaicheka hali hiyo mapema. Katikati ya miaka ya 1970 alitunga kisa kinachosimuliwa hadi leo katika vyuo vya theolojia. Kijana amesoma ng'ambo hadi udaktari, amejifunza lugha zote za wasomi, anarudi kijijini na mizigo ya vitabu iliyozidi uzito wa ndege. Kijiji kizima kinakuja kumlaki. Katikati ya sherehe dada yake anaanguka, amepagawa. Watu wanamgeukia msomi: fanya kitu. Naye anafungua kitabu cha Bultmann, mwanatheolojia wa Kijerumani, na kukuta humo kwamba mambo ya pepo yalishaondolewa. Nimekisikia kisa hiki kikisimuliwa mara nyingi, na kila mara wanaocheka kwa sauti kubwa zaidi ni walimu wenye shahada za ng'ambo.

Sasa, anayeshika mkoba ana tatizo ambalo muktadha hauliondoi. Mwaka 1971, Milwaukee, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki alisimama mbele ya Wamarekani akawaambia kwamba wakati umefika wa wamisionari kuondoka. Alitaka kusitishwa kwa misaada ya watu na fedha, ili makanisa ya Afrika yajitambue. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokutana Lusaka ukaunga mkono wito huo. Wakubwa wa misioni wengine waliumia, wengine nadhani walishusha pumzi kimyakimya wakihesabu bajeti. Gatu alikuwa amesomea uchungaji Limuru, katika chuo kilichojengwa na wamisionari. Mimi naona hilo ndilo lililompa haki ya kusema. Aliyewahi kula mkate wa mfadhili anajua chumvi yake.

Fikiria basi nafasi ya Mfuko katika miaka hiyo. Watu wake wanakubaliana na Gatu kuliko walivyokubaliana na bodi zilizowalipa mishahara. Wanaamini makanisa yajitegemee. Na kila asubuhi wanafungua barua zinazoomba fedha za mwalimu, za bweni, za nauli. Ukikataa kwa jina la kujitegemea, mwalimu anaondoka kwenda serikalini na darasa linafungwa. Ukikubali, unazidi kukichelewesha chuo. Nimekaa katika mkanganyiko huo miaka mingi na sijaona mtu aliyeutatua kwa nadharia. Nilichoona ni maamuzi madogo. Toa fedha za mwalimu wao akasome, acha jengo. Lipa miaka mitano, ya kwanza yote, ya mwisho robo. Gharimia vitabu vitakavyochapwa Dodoma badala ya kuagizwa London. Wakati mwingine tulikosea, na chuo kikabaki na jengo zuri lenye popo.

Jambo moja Mfuko ulilifanya ambalo sisi wengine hatulifanyi: ulikubali kuisha. Tangu mwanzo kila agizo lilikuwa na miaka yake, na la tatu lilipokamilika mwaka 1977 Mfuko ulifungwa, kazi ikahamia katika programu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Tutu alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1975 alirudi nyumbani kuwa mkuu wa kanisa kuu la Johannesburg, mtu mweusi wa kwanza katika nafasi hiyo, na yaliyofuata yanajulikana. Coe alibaki Uingereza, akaiona tena Taiwan mwaka 1987, akafariki mwaka uliofuata. Mashirika ninayoyajua mimi hayana tarehe ya kufa. Yana mpango mkakati wa miaka mitano, na ukikaribia kwisha tunamwajiri mshauri aandike mwingine.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita tena kwenye chuo cha mahindi. Mkuu yule alikuwa amestaafu. Mwingine, kijana kuliko mimi, alinipokea akanipa kiti, na nikakataa kukaa kabla yake, tukabaki wote wawili tumesimama kama wajinga. Nikaomba kuona maktaba. Katika kona ya chini, karibu na vitabu vya Kijerumani ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua, kulikuwa na kitabu chembamba cha historia ya kanisa, jalada limeshikwa na gundi na kipande cha boksi. Kilikuwa kimojawapo cha vile vya Mfuko, vya lugha nyepesi. Karatasi ya tarehe za kuazima iliyobandikwa ndani ilikuwa imejaa, ya pili imebandikwa juu yake imejaa, na ya tatu ilikuwa nusu.

"Hiki ndicho kinatusumbua," akasema mama mkutubi. "Wanafunzi wanakigombania. Tunaomba nakala nne."

Nilifungua fomu kutafuta pa kuandika. Bajeti ya vitabu ilianzia kwenye seti, na seti ilikuwa vitabu hamsini, kutoka kwenye orodha.